Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Nilijaza sifuri, na mwanangu alikuwemo darasani

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, huu ni mwaka wangu wa 16 kazini. Jina sitaji. Walimu wenzangu wanajua kwa nini, na nadhani hata wewe unajua.

Binti yangu alipofika Darasa la Pili, mwalimu wake wa darasa nilikuwa mimi. Nikitoa imla, nasoma "samaki", yeye anaandika "amaki". "Siku" inakuwa "iku", "shule" inakuwa "ule", "fimbo" inakuwa "imbo". Nilizungushia makosa kwa kalamu nyekundu, nikaandika chini "Ongeza bidii" kama mwalimu, kisha nyumbani nikatia saini kama mzazi. Zipo siku nilimchapa. Mbele za watu nilisema ni mkaidi, kwamba ukimwita jina anageuka haraka tu, lakini ukimtuma kitu analeta kingine. Bibi yake alisema ana kithembe, kitaisha akikua.

Mama yake, ambaye hakuvuka Darasa la Saba, ndiye aliyelikagua lile daftari ipasavyo. Alisema, "Baba Neema, huyu mtoto hakosei ovyo. Herufi zinazopotea ni zilezile."

Tulimpeleka Dar es Salaam akiwa na miaka 9. Wakamwingiza kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, wakamvisha spika za masikioni, wakamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Nilimwona kupitia kioo. Kwa milio mizito kidole chake kilikuwa chepesi kabisa. Ikaja ile myembamba, kidole kikatulia, na yeye akawa anatuangalia tu, akisubiri. Daktari alitueleza kwamba sauti za s, f na sh zimo kwenye kundi hilo jembamba. Sauti yangu nzito ya kuita jina ilikuwa inamfikia, ndiyo maana anageuka. Chanzo hakuwa na hakika nacho. Alisema huenda ni sindano alizochomwa akiwa kichanga mgonjwa.

Sikuandikii ili nihurumiwe. Kuna kingine kinaniuma kuliko hata zile fimbo. Kila mwaka shule hujaza fomu za TSM, yaani Takwimu za Shule za Msingi, na humo kuna sehemu ya wanafunzi wenye ulemavu, kwa aina zake. Unajua tunavyoijaza? Mwalimu wa darasa anasimama mlangoni, anatazama. Anayetembea kwa magongo, mmoja. Mwenye ualbino, hakuna. Asiyesikia, hakuna. Mwaka ule darasa langu lilikuwa na watoto 112, na kwenye sehemu ya uziwi niliandika sifuri kwa mkono wangu mwenyewe. Sifuri hiyo ikapanda wilayani, ikapanda mkoani, na bila shaka ikakufikia wewe mezani. Bajeti hupangwa kwa sifuri kama hizo.

Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 niliusoma. Umeandikwa vizuri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo imeandikwa vizuri, na Sera ya Elimu toleo la 2023 imefanya miaka 10 ya elimu kuwa ya lazima. Sina ugomvi na maandishi. Ila yote yanaanza na mtoto ambaye tayari anajulikana, na huyo ni nadra kutufikia. Anayetufikia ni huyu wa kwangu, anayeonekana mzima.

Ombi langu la kwanza, na kama utasikia moja tu basi liwe hili: mkakati unaofuata uamuru kila mtoto apimwe masikio na macho anapoandikishwa awali au Darasa la Kwanza, na asiandikwe kwenye takwimu zozote kabla ya hapo. Sizungumzii mashine za mamilioni. Chati ya herufi E ukutani na hatua za kupima mita 6 zinatosha kuanzia macho. Kwa masikio, muuguzi wa zahanati anasimama nyuma ya mtoto, ananong'ona maneno machache, mtoto anayarudia. Kipimo hicho hakihitaji umeme, na wale wachache watakaotiliwa shaka ndio wapelekwe kwenye vipimo vikubwa. Wauguzi hao hao huja shuleni kwetu kwa chanjo na dawa za minyoo. Wakija, watoto wamekwishapangwa foleni tayari.

Najua utaniambia shule ziko chini ya TAMISEMI, sera ya afya ni ya Wizara ya Afya, na masuala ya watu wenye ulemavu yako Ofisi ya Waziri Mkuu. Kweli. Nimepita katika milango hiyo kwa miguu yangu, na kila mmoja ulinielekeza kwenye mwingine kwa adabu sana. Nimekuandikia wewe kwa sababu sera ni yako. Kule halmashauri nilielezwa kuna asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ipo, ila ni mikopo, na mwanangu wa miaka 11 hana genge la nyanya.

Jambo la pili linahusu mahali msaada unapokaa. Baada ya vipimo nilishauriwa nimpeleke bweni, shule ya viziwi, mkoa mwingine. Shule hizo nazithamini. Ile ya Tabora ilianza 1963, na bila hizo watoto wengi wasingeipata Lugha ya Alama wala wenzao wa kuongea nayo. Lakini binti yangu anasikia nusu ya maneno. Anachohitaji ni kiti cha mbele, mwalimu asiyeongea huku ameligeuzia darasa mgongo, na betri.

Ngoja niseme kuhusu betri. Kifaa chake cha kusikia kinatumia betri ndogo kama kifungo cha shati, yenye kibandiko. Ukishakibandua, hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata usipokiwasha kifaa. Inadumu kama wiki mbili. Wilayani kwetu haziuzwi, naagiza Dar kwa kondakta wa basi. Basi likichelewa, mwanangu anarudi kwenye "amaki". Shule yetu hupata ruzuku ya uendeshaji ya Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Sijawahi kuona shilingi iliyoongezwa kwa sababu mtoto fulani ana hitaji fulani. Fedha ya ziada iandikwe kwa jina la mtoto, imfuate shule yoyote atakayosoma, hata akihama na wazazi.

Walimu wa elimu maalumu wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi nao wasifungwe kwenye kitengo kimoja. Mmoja akipangiwa kuzunguka kata nzima, akanionyesha kwa siku mbili tu namna ya kusimama na kuongea mbele ya mtoto kama huyu, ningeacha makosa mengi. Chuoni kwetu mada hiyo ilifundishwa wiki moja, tukajibu mtihani, ikaisha.

Takwimu za mwaka huu nimeshajaza. Kwenye sehemu ya usikivu nimeandika 2. Mmoja ni binti yangu, ambaye sasa yuko Darasa la Nne, darasa ninalolifundisha tena. Wa pili ni mvulana wa dirishani ambaye hajapimwa na mtu yeyote; nilipoita jina lake nikiwa nimeziba mdomo kwa daftari, hakuinua kichwa. Nimemsogeza mbele. Mjumbe wako akija kukagua na kuuliza cheti chake cha daktari, sina.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu na baba wa mwanafunzi, Morogoro