Barua ya malalamiko: Windows imepigwa upya mara tatu, kumbe ni betri ya shilingi 100

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mombasa.

2 Februari 2026

Kwa heshima, Meneja,

KUH: KOMPYUTA ILIYOFUTWA MARA TATU BILA KUPIMWA, NA FAILI ZA MTEJA ZILIZOPOTEA

Tunaandika kwa niaba ya mteja wenu, mwenye studio ndogo ya picha Mji wa Kale. Kompyuta yake ya mezani ni ya mtumba, ex-UK kama mnavyoziita wenyewe. Aliinunua kwenu, na kwenu ndiko alikoirudisha kila ilipogoma. Ina diski mbili: NVMe (SSD, diski ya chipu isiyozunguka) ya GB 256 yenye Windows, na diski ya kuzunguka ya TB 1 anakoweka picha za wateja.

Iligoma Jumanne 21 Oktoba 2025, ikagoma Jumatatu 15 Desemba, ikagoma tena Jumatatu 5 Januari 2026. Mara zote tatu ilionyesha skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na mara zote tatu risiti yenu imeandikwa sababu ile ile: Windows imeharibika. Mlitoza shilingi 2,500 kila mara, jumla 7,500. Ilipogoma mara ya nne, Jumatatu 19 Januari, aliwapigia simu akaambiwa ailete ipigwe Windows upya. Akaileta kwetu.

Tazameni hizo tarehe kabla ya kutazama mashine. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Mashujaa Dei. Tarehe 12 Desemba, Jamhuri Dei, iliangukia Ijumaa, na studio ikafungwa tangu Alhamisi jioni hadi Jumatatu. Kisha mwaka mpya, siku nne mfululizo. Windows haijui sikukuu. Kilichobadilika siku hizo ni kimoja tu: studio hiyo huzima swichi ya ukutani kila inapofungwa, kwa kuhofia umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Siku za kazi mashine hukosa umeme usiku mmoja, sikukuu hukosa siku tatu au nne.

Kwenye ubao mama kuna betri ya duara, CR2032, upana wa milimita 20. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows) pale mashine inapokosa umeme kabisa. Kompyuta ikiwa imezimwa lakini swichi ya ukutani iko juu, pawasaplai huendelea kutoa umeme mdogo wa kusubiri na betri hiyo haichoki. Swichi ikishushwa, betri inabaki peke yake. Tuliing'oa tukaipima kwa mita: volti 1.9, wakati nzima husoma volti 3 na ushei. Betri iliyofika hapo inaweza kustahimili usiku mmoja, siku tatu ikashindwa. Kufikia Januari ilikuwa imechoka kiasi kwamba Jumapili moja tu ilitosha kuiangusha.

Betri ikishindwa, BIOS husahau kila kitu na kurudia mipangilio ya kiwandani. Kwenye mashine hii kuna kipengele kinachoitwa SATA Operation, kinachoamua mashine izungumze vipi na diski zake, na cha kiwandani ni RAID On. Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yetu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mkichomeka flashi ya kusakinisha Windows huku mashine iko RAID On, kisakinishi hakiioni diski ya NVMe mpaka kipewe dreva ya Intel, programu ndogo ya kuiwezesha Windows kuitumia diski hiyo. Fundi wenu hakutia dreva. Aliingia BIOS, akabadilisha RAID On kuwa AHCI, chaguo jingine lisilohitaji dreva hiyo, diski ikaonekana, akaifuta, akasakinisha. Tunalijua hilo kwa sababu Windows tuliyoikuta inatumia dreva ya kawaida ya NVMe ya Microsoft, na mashine ikiwekwa RAID On haiwaki. Windows iliyosakinishwa chini ya AHCI haina dreva ya RAID iliyoandaliwa kuamka mapema, hivyo BIOS ikirudi RAID On, Windows huanza kuamka, hutafuta diski yake, haiioni, na hutoa skrini ile ya bluu. Diski ni nzima, faili ni nzima, Windows yenyewe ni nzima.

Sasa fikirini lililotokea Desemba na Januari. Fundi aliibadilisha BIOS kuwa AHCI ili aweze kuifuta diski. Laiti angehifadhi badiliko hilo, akachomoa flashi na kuiwasha mashine, Windows ya zamani ingefunguka na kila kitu mahali pake. Dawa ilikuwa mkononi mwake, akaitumia kumfukia mgonjwa. Mezani kwenu mashine haizimwi ukutani, ndiyo maana kila mlipoijaribu kabla ya kumkabidhi mteja iliwaka bila tatizo.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Mteja aliwaambia Oktoba kwamba saa ya kompyuta inachelewa kila asubuhi, na risiti yenu inasema "saa imerekebishwa". Saa inayochelewa kwenye kompyuta ya mezani ni betri hadi ithibitike vinginevyo, hasa huku kwetu Pwani ambako joto na unyevu haviisamehe. Tulipoifungua BIOS tarehe 19 Januari tuliikuta inasoma mwaka 2018.

Ili msiseme tumekisia, tulipima na mengine. SMART (kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe) ya diski ya kuzunguka: namba 05, C5 na C6 zote ni sifuri, maana yake hakuna sekta mbovu wala zinazosubiri kuhamishwa. C7 nayo ni sifuri, kwa hiyo kebo ya SATA ni nzima. NVMe haina onyo lolote. Memtest86+ ilizunguka mara nne bila kosa. Kipimo kirefu zaidi ni hicho cha RAM, ambacho huachwa usiku kucha. Vingine vyote pamoja havifiki nusu saa.

Tunakuja kwenye faili, ambazo zinamuuma mteja kuliko hizo shilingi.

Oktoba mlifuta NVMe yote. Humo mlikuwa na folda za Desktop na Documents: hesabu za studio, mikataba, orodha za wateja. Hizo hazirudi. SSD ikifutwa, Windows huipelekea amri ya TRIM, inayoiambia kwamba yaliyomo hayahitajiki tena, na baada ya hapo ukiisoma kwa kawaida inatoa sifuri tupu. Kama kweli Windows ingekuwa imeharibika, bado kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuiwasha mashine kwa flashi ya Linux na kunakili C:\Users kwenye diski ya nje. Ya pili ni kusakinisha juu ya sehemu ile ile bila kuifomati, ambapo faili za zamani husogezwa ndani ya folda ya Windows.old. Fundi hakuuliza chochote, akabonyeza kufuta. Tena alichoweka ni Windows 10, wiki moja baada ya Microsoft kukoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Desemba ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya kuungua mara moja, mteja alihamishia kila kitu kwenye diski ya TB 1. Fundi wenu akafuta sehemu zote za diski zote mbili. Hiyo ya pili haikuwa na Windows wala haikuwa na sababu ya kuguswa. Ukisakinisha kwenye mashine yenye diski mbili, ya pili unaichomoa kebo kabla ya kuanza. Ni kebo moja. Inaikinga na kidole kilichoteleza, na pia inazuia kisakinishi kuweka faili za kuwashia Windows kwenye diski isiyohusika. Mlipomrudishia mashine tarehe 30 Desemba hakuna aliyemwambia asiandike kitu kwenye diski hiyo, naye akaanza kuijaza kazi mpya juu ya ile ya zamani.

Bahati ni kwamba diski ya kuzunguka ikifomatiwa haraka, huandikwa jedwali jipya la faili na yaliyomo hubaki. Tuliitoa, tukaichomeka kwenye mashine ya Linux bila kufungua faili zake wala kuandika kitu juu yake, tukatoa nakala yake nzima kwa programu ya ddrescue hadi diski ya TB 2, na kazi yote ikafanyika juu ya nakala hiyo. TestDisk, programu ya kutafuta sehemu za diski zilizofutwa, iliiona sehemu ya zamani lakini jedwali lake lilikuwa limeshaandikwa juu. Ikabidi tutumie PhotoRec, ambayo haitazami jedwali: inasaka alama ya mwanzo wa kila faili, sekta kwa sekta. Picha nyingi zimerudi zikiwa na majina kama f0482176.jpg, bila folda. Tarehe ya kupigwa imo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo tumezipanga kwa siku. Jina la bwana harusi halimo. Video ndefu, ambazo diski huzihifadhi vipande vipande, nyingi zimerudi zimekatika au hazikurudi kabisa.

La Januari ni la aina nyingine. Safari hii mliweka Windows 11, toleo la 24H2, na fundi akamaliza usakinishaji kwa akaunti ya Microsoft isiyo ya mteja. Toleo hilo, likisakinishwa upya na akaunti ya Microsoft ikaingizwa, huweza kuifunga diski lenyewe kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, na ufunguo wa tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Tarehe 19 Januari BIOS iliporudi kiwandani, Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaohakiki kinachowashwa) nayo ilijikuta imezimwa, na mashine ikaomba ufunguo ambao mwenye mashine hajawahi kuuona. Tulipotia betri mpya, tukawasha Secure Boot na kurudisha AHCI, ilifunguka yenyewe. Ndani tukakuta folda za Desktop, Documents na Pictures zinapakiwa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ya akaunti hiyo hiyo. Kwa siku kumi na mbili, picha za harusi za watu zilikuwa zikienda kwa mtu ambaye hawamjui. Tumetoa ufunguo kwa amri ya Windows iitwayo manage-bde, tumemchapia mteja, tumeiondoa akaunti hiyo na kuweka yake. Kilichobaki huko OneDrive hatuwezi kukigusa. Mnaweza ninyi.

Betri ilituchukua shilingi 100 na dakika tano. Mashine imezimwa ukutani kuanzia Ijumaa jioni 23 Januari hadi Jumatatu asubuhi, na ikawaka.

Mteja anataka yafuatayo ndani ya siku 14. Mrudishe shilingi 7,500 zote, kwa kuwa hakuna hata senti moja iliyotibu ugonjwa uliokuwepo. Mlipe gharama ya kurejesha picha kwa ankara iliyoambatanishwa. Kompyuta na faili zake ziondolewe kwenye akaunti ya Microsoft ya fundi, pamoja na kapu la taka la OneDrive, kisha mthibitishe kwa maandishi. Na kabla ya kufuta diski ya mtu yeyote tena, mpate saini yake kwenye karatasi inayotaja diski gani inafutwa na nakala ya faili iko wapi. Hilo la mwisho halimhusu yeye tena, lakini amelisisitiza.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya huduma ya kiwango kinachostahili na fidia akipata hasara, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu picha zilizopelekwa kwenye akaunti isiyo yake. Asipojibiwa, suala la pesa litapelekwa Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, na la picha litapelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Tumeambatanisha nakala za risiti zenu tatu, matokeo ya SMART na Memtest86+, picha ya mita ikisoma volti 1.9, picha ya ukurasa wa BIOS wenye tarehe ya 2018, na ankara. Betri ya zamani tunayo kwenye bahasha. Fundi wenu akipenda kuipima mwenyewe, aje na mita yake.

Wenu,

Mafundi wawili wa kompyuta,
kwa niaba ya mwenye kompyuta, Mji wa Kale, Mombasa