Bosi akinijibu "Sawa", mimi silali

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi. Nina miaka 36 na huu ni mwaka wangu wa nane katika kitengo cha hesabu. Kazi naiweza, nalisema hilo bila kujisifu. Kinachonishinda ni mtu mmoja, mkuu wetu wa kitengo aliyekuja miaka mitatu iliyopita. Au pengine ninajishinda mwenyewe, ndiyo maana nakuandikia.

Bosi wangu si mkali. Hajawahi kunitukana wala kunipandishia sauti. Ni mtu wa maneno machache, mlango wake hufungwa muda mwingi, na ukimpelekea ripoti uliyohangaika nayo wiki nzima anajibu "Sawa." Basi. Mwenzangu wa meza ya pili hupata "Sawa" hiyohiyo, akaendelea na shughuli zake. Mimi nairudia mara kumi. Natafuta ujumbe wa mwezi uliopita kuona kama aliandika "Sawa, asante", na nikikuta aliandika, naanza kujiuliza safari hii asante imeenda wapi.

Siku moja jioni, nikiwa nakaribia kufunga kompyuta, akanitumia ujumbe: "Kesho asubuhi pitia kwangu." Usiku ule sikulala. Nilifungua mafaili ya miezi mitatu nikakagua mstari kwa mstari, na saa tisa usiku nikakuta malipo niliyoyaingiza kwenye safu isiyo yake. Kosa dogo, la kurekebishwa kwa dakika tano. Asubuhi niliingia kwake na karatasi mkononi, hata kukaa sikukaa, nikaanza kuomba radhi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Sikukuitia hilo. Nilitaka umwelekeze kijana mpya namna ya kujaza fomu za safari."

Tangu siku hiyo anazipitia hesabu zangu mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nami nikijua anazipitia, naongeza maelezo, namfuata kwenye korido kumuuliza kama kila kitu kiko salama. Kadiri ninavyomfuata ndivyo anavyozidi kujifungia.

Dada mmoja mshauri nasaha ndiye aliyeniambia nisome juu ya mafungamano ya kihisia, yaani namna mtoto anavyojishikiza kwa anayemlea, na namna anavyoibeba tabia hiyo ukubwani. Nilidhani ni mambo ya wachumba. Nikakuta kwamba Mary Ainsworth, mmoja wa waasisi wa nadharia hii pamoja na Mwingereza John Bowlby, alianza kwa kuwatazama akina mama na watoto wao majumbani huko Uganda miaka ya 1950. Baadaye, Marekani, akabuni jaribio la chumbani: mama anamwacha mtoto wa mwaka mmoja hivi kwa dakika chache, kisha anarudi. Walichokitazama kwa makini kuliko kilio cha mtoto mama akitoka ni kile anachofanya mtoto mama akirudi. Yuko anayemkimbilia, akabembelezwa, akarudi kuchezea vitu vyake. Yuko anayemng'ang'ania huku akimsukuma, asitulie. Na yuko anayegeuza uso kana kwamba hakuna aliyeingia. Waliokuja kupima mapigo ya moyo waligundua kwamba hata huyo, moyo unamwenda mbio. Hapo nilimfikiria bosi wangu na ule mlango wake.

Mwaka 1990 watafiti Cindy Hazan na Phillip Shaver walizitafuta tabia hizohizo kwa watu wazima walio kazini. Wenye wasiwasi, mfano wa yule mtoto anayeng'ang'ania, waliogopa kukataliwa wakifanya vibaya, na kilichowasukuma ni kukubaliwa na kusifiwa. Wanaokwepa ukaribu, mfano wa yule anayegeuza uso, kazi ilikuwa kimbilio lao la kujitenga na watu. Nilipofika hapo nikaweka simu chini.

Mama yangu alifanya kazi mbali, nikalelewa na shangazi. Alikuwa akija bila taarifa, na ili nisilie, aliondoka nikiwa usingizini. Naamka, nagusa upande aliolala, bado una joto. Mpaka leo mtu akinyamaza karibu yangu, nahisi kama anafunga mkoba taratibu asiniamshe.

Ila kuna jambo linanitatiza. Sitaki kumtwika mama mzigo wa ofisi. Mkuu anayekaa miaka mitatu bila kukuambia hapa umepatia, hapa umekosea, anaweza kumtia wasiwasi hata mtu mtulivu. Na nilivyosoma, mtu hana sura moja kwa watu wote. Aweza kutulia kwa huyu na kuhangaika kwa yule. Mkuu wangu wa zamani alikuwa anasema waziwazi, hata yakiwa mabaya, na enzi zake nilikuwa nalala fofofo. Kwa hiyo tatizo langu nilikuja nalo kutoka nyumbani, au nimelikuta hapa?

Kuna mikutano ya tathmini mwezi ujao, tutakaa wawili. Nafikiria kumwomba jambo moja: kila mwisho wa wiki aniambie kwa dakika tano kazi imekwendaje, ili nisimfuate tena kwenye korido. Nahofia atauona huo ni udhaifu, hasa baada ya ile asubuhi. Je, nimweleze na sababu, au niombe tu kama utaratibu wa kazi, ya utotoni niyaache kwa mshauri nasaha?

Na kuna huyo kijana mpya, ambaye sasa yuko chini yangu. Ananitumia kazi yake mara tatu kwa siku: "Dada, naomba uniangalizie kama iko sawa." Mwanzoni nilikuwa namjibu kwa kirefu, maana namwelewa kuliko anavyojua. Juzi nilikuwa nimechoka, akauliza kwa mara ya nne, nikamwandikia "Sawa" na kugeuza simu kifudifudi. Asubuhi alikuja mezani kwangu macho mekundu, akaanza kuniomba radhi kwa kosa ambalo mimi sikuwa nimeliona. Nimwambie nini mtoto wa watu?

Ni mimi msomaji wako,
Mhasibu