Shukrani kwa dada wa barazani Mkunguni

Dada uliyeketi nasi Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome ya Lamu, jioni ile, jina lako sikuuliza. Shukrani hizi zikufikie popote ulipo.

Fomu ya mtandaoni ya kukodi mashua ya kwenda kisiwa cha Manda niliiandika mwenyewe kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti. Kwenye kivinjari cha Chrome cha laptopu yangu ilikubali kila kitu. Wageni wenye iPhone za zamani wakibonyeza "Tuma", kimya. Siku nne nilihangaika, na ami yangu, mwenye mashua, anakosa wateja nami naona.

Wewe hukuugusa msimbo wangu. Uliniambia tu niionyeshe juu ya ukurasa tarehe ya safari kama fomu inavyoisoma, kisha tuitazame kwa simu yako. Ikatokea "Invalid Date", yaani tarehe si sahihi. Nilikuwa nimeandika 2025-08-14 16:00, siku na saa zimetengwa kwa nafasi. Kanuni ya JavaScript inataka herufi T hapo katikati. Ukiiacha, kila kivinjari kinaamua chenyewe. Herufi moja! Nikaiweka, fomu ikaenda.

Ulinieleza taratibu, mara mbili, bila kunidharau. Hilo silisahau. Magharibi ikaadhiniwa, ukaondoka kabla sijakuagizia hata kahawa.

Ami anasema safari ya Manda ni yako na watu wako, bila malipo, siku yoyote utakayo.