Waislamu wanaamini

Leicester, Uingereza

Assalaam aleykum. Shikamoo Baba,

Sisi huku wazima, baridi tu. Mwambie Mama ubani umefika salama.

Uliniuliza kwenye simu mtoto wa ustadhi anafundishaje dini za watu, nami nikakosa jibu. Tangu siku ile swali lako halijanitoka.

Kule nyumbani kipindi cha dini kikifika, Waislamu wanakufuata wewe, Wakristo wanakwenda kwa katekista. Hapa wote wanabaki chumba kimoja, mwalimu mmoja. Sheria ya 1944 ililazimisha dini ifundishwe shuleni. Ya 1988 ikataka pamoja na Ukristo, ulio mkubwa hapa, dini nyingine kuu nazo zizingatiwe. Na lugha yake ni nyingine. Sisemi "tunaamini". Nasema "Wakristo wanaamini", "Wahindu wanaamini". Siku ya kwanza kutamka "Waislamu wanaamini", Baba, ulimi ulikuwa mzito, kama ninayeisimulia nyumba yetu nikiwa nimesimama barazani kwa jirani.

Mwezi uliopita nilipeleka darasani ule msahafu wako, na marfaa yake. Nilitia udhu kwanza. Binti mmoja, kwao hawana dini yoyote, akauliza kwa nini nimenawa hadi viwiko ili kushika kitabu. Kabla sijafungua mdomo, kijana wa Kihindu akamjibu kwamba bibi yake hagusi kitabu chake cha ibada kabla hajaoga. Darasa likanyamaza. Sijapata kufundisha adabu vizuri kuliko kijana yule.

Bibi mwenyewe nilikutana naye siku ya wazazi. "Habari za siku nyingi, mwalimu!" Kiswahili! Alizaliwa Kampala, Idi Amin akawafukuza mwaka 1972. Halmashauri ya mji huu ilitoa tangazo gazetini kule Uganda kuwaomba wasije hapa. Wakaja, na leo ninawafundisha wajukuu wao.

Yapo yaliyoniuma. Tulipokwenda kutembelea msikiti, mzazi mmoja aliandika kumzuia mwanawe. Sheria inamruhusu, sina la kumlaumu. Mtoto akashinda maktaba peke yake. Jioni alinisubiri mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ndani kuna zulia kweli? Mlivua viatu wote?" Nikamweleza kila kitu, mpaka rangi ya zulia.

Jibu langu ndilo hilo, Baba. Sikuiacha dini yako mlangoni mwa darasa. Adabu uliyonifundisha kwa kitabu chetu ndiyo ninayoshikia na vyao.

Jumanne ijayo somo ni zaka yetu Waislamu. Hawa wanajua asilimia 2.5 ya fedha, basi. Nataka niwaonyeshe kwa mifugo, kama ulivyotupangia kokoto 40 mkekani, kila moja ni mbuzi, ukatoa moja. Zikifika 121 ukatoa mbili. Ila nimesahau ulivyotueleza kuhusu ng'ombe. Niandikie kabla ya Jumanne, tafadhali.

Mwanao