Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mimea na Udongo Uliomwagiwa Mafuta

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi ya mwaka huu, ambayo kwa sehemu kubwa imefanyika katika kiwanja kimoja tu cha hapa Lubumbashi: ule uwanja wa garaji la zamani uliomwagiwa mazutu (dizeli) na mafuta ya vidanji, yaani mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini, kwa muda mrefu, na ambao mwenye nao ametukubalia tuupande nyasi.

Wengi wenu mmeuliza kama nyasi hizo zinakula mafuta. Haziyali. Mizizi hutoa sukari na asidi zinazolisha bakteria wanaoishi kuizunguka, na bakteria hao ndio wanaoyavunja mafuta hadi yabaki hewa ya ukaa na maji. Kule Kuwait, baada ya vita vya 1991, watafiti waliikuta mimea ya jangwani imeota kwenye mchanga uliolowa mafuta ghafi, na walipoing'oa mizizi yake ilikuwa myeupe na safi. Kwa sababu hiyo tulichagua ukoka na vetiva, ambazo mizizi yake ni mingi, myembamba na iliyosambaa, ingawa baadhi yetu tulitamani miti ya kivuli.

Kazi ngumu ilikuwa kabla ya kupanda. Udongo ulioshiba mafuta hukataa maji. Tulipoumwagia, matone yalikaa juu yakiwa mviringo, kisha yakabingirika pembeni na kuacha vumbi kavu chini yake. Zaidi ya hapo, mafuta yana kaboni nyingi na naitrojeni karibu hayana, hivyo bakteria wanapoanza kuyashambulia huinyang'anya mimea naitrojeni iliyopo, na majani hugeuka manjano. Uwiano unaopendekezwa mara nyingi ni sehemu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi kwa kila sehemu 100 za kaboni, na ndiyo sababu tuliagiza samadi ya kuku kwa wingi uliowashangaza majirani. Tulichimbua ili hewa ipenye, kwa kuwa bakteria hao wanahitaji oksijeni, tukapanda kunde katikati ya mistari ili ziongeze naitrojeni. Kunde hizo, narudia kwa mara nyingine, si za kupikwa, wala majani yake si mboga.

Harufu imepungua sana, lakini naomba mtu asiichukue kuwa kipimo. Sehemu nyepesi za mafuta huvukia zenyewe juani. Zile nzito, ambazo ndizo sumu ya kudumu, hubaki udongoni na huchukua miaka kuvunjika. Vilevile mafuta yaliyozama chini kuliko mizizi hayaguswi na kazi hii.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi wa mji wa shaba. Mafuta ya vidanji huwa na zinki, pamoja na metali zitokanazo na injini, na udongo wetu mahali pengi una shaba na kobalti tayari. Bakteria hawawezi kuvunja metali. Nyasi za aina ya Microchloa altera zilizojaribiwa Penga Penga, hapa Lubumbashi, karibu na kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, zinaishikilia metali isipeperuke na vumbi wala kuchukuliwa na mvua, basi. Anayeahidi kwamba kiwanja chetu kitakuwa bustani ya mboga anaahidi asichokijua.

Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Nitaje tu kwamba maji ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndiyo yaliyomeza fedha nyingi.

Kamati inaomba mkutano uamue mambo mawili. Kwanza, sampuli za udongo zipelekwe maabara, za juu na za kina, kabla ya kupokea kiwanja cha pili. Pili, tukubaliane na wenye magaraji jirani wakusanye mafuta yao kwenye mapipa, kwani mmoja wao bado anayamwaga kwenye mfereji unaopita kando ya nyasi zetu.

Mwenyekiti