Dishi ya Longonot inahitaji mafundi wa kuilenga kila mwaka

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ile dishi ya mita 32 pale Longonot, ambayo iko kwenye mpango wa kugeuzwa darubini ya redio, yaani ya kunasa mawimbi ya redio yanayotoka kwa vitu vya angani, pamoja na zingine za Afrika. Watu wakiongelea huo mradi wanaishia kwa mashine mpya za kupokea mawimbi na kompyuta, kuhusu kulenga dishi hakuna anayeuliza, na mi naona kazi kubwa iko hapo.

Dishi za aina ile zilijengwa kwa ajili ya simu za kimataifa, zinaangalia satelaiti moja iliyo pale pale juu ya ikweta kilomita 36,000, mwaka unaisha zimesogea kidogo tu. Darubini inazungushwa mchana na usiku, saa hii huku saa ijayo kule, kwa hiyo gia, mota na beringi zilizozoea kutulia zinaanza kuchapa kazi kwelikweli. Alafu chuma nacho, ukiinamisha dishi uzito wake wenyewe unaipinda, jua la asubuhi likipiga upande mmoja ule upande unatanuka, na upepo unasukuma.

Ndo maana mafundi hawaamini namba za kwenye skrini peke yake. Wanachukua kitu cha angani chenye mawimbi makali na kinajulikana kiko wapi, mfano Virgo A, wanapitisha dishi juu yake kushoto kulia, alafu juu chini, wanaangalia mawimbi yamefika kilele wapi na yalitakiwa kufika wapi. Wanarudia hivyo pande zote za anga mpaka wapate masahihisho ya kuweka kwenye kompyuta, na hayo hayadumu, ukibadilisha mota au msingi ukititia kidogo tu unaanza tena.

Ghana dishi yao ya Kutunse, nayo ni ya mita 32, ilinasa mawimbi ya gesi ya methanoli iliyo angani, kwenye masafa ya gigahezi 6.7. Kwenye masafa hayo dishi ya saizi hiyo inaona kipande cha anga kama moja ya tano ya upana wa mwezi, ukikosea kwa nusu ya hicho kipande umepoteza nusu ya mawimbi, na vipimo utakavyoandika ni vya uongo.

Na tusidhani vyuma havichoki. Kituo cha darubini za redio cha Hartebeesthoek kule Afrika Kusini, watu wenye uzoefu wa miaka mingi, beringi kubwa ya dishi yao ya mita 26 iliharibika 2008 na wakarudi kazini 2010.

Kwa hiyo naomba wizara husika, kabla ya kununua chochote, itenge fungu la kila mwaka la grisi, vipuri na usiku wa kupima ulengaji, na ichukue vijana wa vyuo vya ufundi waanze kujifunza hiyo kazi sasa. Ituambie hilo fungu ni shilingi ngapi na nani atalisimamia.

Msomaji wenu,
Naivasha