Sherehe ya Mekatilili ni nzuri, lakini vigango vya kwenu umevipiga picha?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niongee na ndugu zangu wa Magarini, Malindi, Ganze mpaka Kaloleni, na hasa wazee na vijana wa MADCA, yaani kile chama cha utamaduni cha Malindi ambacho kila Agosti kinatukusanya Bungale alikozikwa Mekatilili wa Menza, yule mama shujaa wa Wagiriama aliyempinga mkoloni.

Kwanza hongera, tena ya dhati. Mtu akikwambia eti ile ni siku ya kuvaa hando, ile sketi ya marinda ya bibi zetu, na kunywa mnazi tu, mwambie akae chini ya mwembe asikilize wazee wakishaanza kuhadithia. Watoto wa shule wanatoka pale wanajua kwamba mwaka 1913 mama huyu alizunguka vijiji na ngoma ya kifudu akiwaambia Wagiriama wasitoe vijana wao wakafanye kazi za mzungu, watu wakaapishwa Kaya Fungo, huo msitu wetu mtakatifu, wanawake kiapo cha mukushekushe na wanaume cha fisi, Oktoba akashikwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa Mumias, huko karibu na Uganda, na Januari 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu. Kwa miguu! Wewe jaribu leo kwenda Mumias kwa basi halafu uniambie mgongo unasemaje. Mkoloni hasira zake akazimalizia kwa kaya yenyewe, Agosti 1914 wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Na ile ya kuku na vifaranga, vile mama alivyomwonyesha Champion, yule ofisa wa Kiingereza, kwamba ukimgusa mtoto mamake lazima akurukie, hiyo hata mtoto wa nasari anaijua siku hizi. Hiyo ni kazi ya hawa watu wa sherehe, si ya silabasi.

Sasa langu ni hili. Pale Bungale ngoma ikianza kila mtu simu juu. Anarekodi, anapost, jioni TikTok yote ni hando na njuga. Lakini mwulize huyohuyo aliyerekodi, nyinyi mjini kwenu, yaani bomani, vigango viko vingapi na ni vya kina nani, na picha zake ziko wapi? Anakuangalia tu.

Kwa msomaji wa bara asiyejua, kigango si kinyago cha kuuzia watalii. Ni mti mgumu, mara nyingi muhuhu, umechongwa bapa, kichwa duara, kifuani umejaa pembetatu ndogondogo zilizokatwa kwa ncha moja baada ya nyingine mpaka chini, kazi ya subira hiyo, si ya mtu mwenye haraka. Kinasimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, kile chama cha siri cha wazee wenye uwezo, na Gohu haikuwa ya kila mtu, wengine tunasimamishiwa koma, kijiti kifupi tu na kinatosha. Kinafungwa vitambaa, vyekundu, vyeupe na vyeusi, kinamwagiwa mnazi, kinaelezwa mambo ya mji, nani kaoa, nani mgonjwa. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Watu wakihama kwenda shamba lingine wanakiacha palepale na kule kwengine wanasimamisha kidogo cha kukumbukia.

Hapo kwenye kuacha ndipo tuliponyongwa. Miaka mingi wanunuzi na wafanyabiashara wa sanaa wamesema vigango walivyochukua vilikuwa vimetupwa, wenyewe wamehama. Ati vimetupwa! Kwani ukihama kutoka Marafa ukaenda kuishi Mombasa kaburi la babako umelitupa?

Sasa sikiliza kisa hiki maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka 1985 mtafiti mmoja Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Picha ya kawaida tu. Aliporudi kumletea mzee picha yake akakuta vigango vimeibwa, mzee anamuuliza yeye kama anaweza kusaidia kuvitafuta. Mzee akafariki havijapatikana. Ikapita miaka, 1999 Udvardy yuko kwenye mkutano wa wasomi huko kwao, mwenzake Linda Giles anaonyesha slaidi za vitu vya makumbusho ya Illinois, akakiona kimoja. Kilekile! Wakaanza kutafuta pamoja, cha pili wakakipata Hampton, Virginia. Vyote viwili vikarudishwa Kenya na 2007 familia ikafanyiwa sherehe ya kurudishiwa chao kijijini. Hawa kina mama wawili waliendelea kuhesabu wakakuta vigango karibu mia tatu vimelala kwenye majumba ya makumbusho 19 kule Marekani peke yake, na hapo bado hatujagusa sebule za matajiri.

Vingine vimeanza kurudi pia. Jumba la makumbusho la Denver, hukohuko Marekani, lilirudisha 30 mwaka 2019, vilikuwa vimetolewa zawadi na watu wa sinema wa Hollywood, hebu fikiria, babu ya mtu kasimama sebuleni kwa mwigizaji. Illinois wakarudisha 37 mwaka 2023. Tulishangilia, na ni haki yetu kushangilia. Lakini vimerudi Kenya, havijarudi mjini, kwa sababu aliyeiba hakuandika katoa boma gani na sisi wenyewe hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Vile viwili vya Mwakiru vilijulikana ni vya nani kwa sababu ya picha moja. Basi. Kigango bila picha ni kama pikipiki bila logibuku, hata ukiiona kwa macho yako barabarani utamwambia nini polisi?

Sheria tunayo, ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na makaya yetu yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Sawa kabisa. Ila vigango haviko kayani, viko mijini mwa watu, nyuma ya vibanda, katikati ya mihogo, na mlinzi ni mbuzi na watoto. Kwa amu yangu mmoja nilikuta shimo tu, limechimbwa vizuri kwa jembe, vitambaa vimeachwa hapo chini kama vile aliyekuja aliogopa kwenda navyo. Na tunajua hawa wezi si wageni watupu, mara nyingi ni kijana wa hapahapa ameonyeshwa noti mbili na dalali. Kuna familia sasa zimezungushia marehemu wao nondo na saruji. Siwalaumu, ingawa roho inauma kumwona mzee wa heshima kafungiwa selo mjini kwake mwenyewe.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama. Siku ya sherehe, pembeni ya jukwaa, wekeni meza na kauntabuku na kijana mmoja anayejua simu. Kila mji ulete picha za vigango na makoma yao, mbele na nyuma na ile michoro ya kifuani kwa karibu maana hakuna viwili vinavyofanana, na mtu mzima wa ukoo akiwa amesimama kando, kama alivyosimama mzee Kalume. Iandikwe jina la marehemu, ukoo wake, nani aliyekisimamisha, mchongaji kama anajulikana. Vilivyoibwa pia viandikwe, hata kama kilichobaki ni kumbukumbu ya bibi tu, kwamba kilikuwa kirefu kumpita mtu, kilikuwa na ufa begani, maana ukienda na maelezo hayo kwenye picha za makumbusho unaweza kupata mtu wenu. Nakala moja ikae kwa chama, nyingine Makumbusho ya Taifa, na ya tatu kwa familia yenyewe.

Na hapa naomba tuelewane jamani. Nikisema piga picha sijasema post. Kijana akiweka kigango Facebook na jina la kijiji na mti wa kuelekezea, huyo amemchorea mwizi ramani. Picha hizi si za kutafutia laiki, ziende kwenye daftari na daftari lifungiwe kabatini, anayetaka kuona aje na sababu na mwenye mji aulizwe kwanza. Tena wako wazee ambao hawatataka kabisa picha, watasema marehemu hapigwi picha. Waachwe. Kuandika jina na ukoo bila picha si haba.

Najua pia kuna woga mwingine ambao watu hawausemi kwenye jukwaa. Kilifi yetu hii mzee mwenye mvi akionekana alfajiri amechuchumaa kwenye makoma anamwaga mnazi, kesho kijiji kinasema ni mchawi, na tumezika wazee wengi kwa maneno hayo, wengine wamekatwakatwa na wajukuu wao kisa shamba. Chama chenyewe kinalijua hili, ndicho kinachowahifadhi waliokimbia makwao kule Kaya Godoma, Ganze. Sasa mzee kama huyo ukimwambia alete habari za vigango vyake atakukana mchana kweupe, atasema vilikuwa vya babake, yeye ni mtu wa kanisa. Kwa hiyo kazi hii isifanywe na mtu kutoka ofisini na faili, watumwe watu wa ukoo, mjukuu anayekaa na babu yake. Na ikiwa mapasta wetu watakubali kusema tu kanisani kwamba kuandika jina la marehemu wa ukoo si kuabudu, watakuwa wameokoa zaidi ya mti, ila wapo wengine ndio wanaoongoza kuvichoma, na hao sijui tuwafanyeje.

Gharama? Kauntabuku, kalamu, bando. Hela za tenti na spika tunapataga kila mwaka, hata za fulana. Hatuhitaji mfadhili kwa hili, na nawaomba msiandike proposo, maana mkiandika proposo itachukua miaka mitatu na itaanza na semina hotelini Watamu.

Agosti hii mkiweka hiyo meza mimi nitakuja kukaa hapo niandike bure, mwandiko wangu unasomeka. Nitahitaji kivuli na mtu wa kuniletea chai.

Mkaazi wa Marafa,
Magarini, Kilifi